Kisanduku cha Sabuni na Neno la Kaka

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Siku kaseti ya kaka ilipofuta wimbo wa kwanza sikulia, nilitukana. Nilimtukana aliyetengeneza betri, nikalitukana jua la Oktoba, nikaitukana hata meza yangu ya kazi ambayo haikuwa na kosa. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yangu akiniangalia tu. Yeye hana sauti ya kutukania.

Madaktari walimtoa koo la sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Hulifunika kwa kitambaa cheupe ambacho mkewe hukifua kila siku. Kaka ni mrina asali wa Ipole, na kabla ya ugonjwa ule alikuwa mtu wa maneno: mwimbaji, mtaniaji, mtu wa kusimama katikati ya ngoma akamsema mwenyekiti wa kijiji mpaka mwenyekiti mwenyewe akacheka. Baada ya operesheni hakuweza hata kupiga mluzi, maana pumzi haipiti tena mdomoni. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mrina asali kwao haingii nyumbani kimyakimya. Akifika mti wa mwisho hupiga mluzi wake, kisha husimama asikie nyumba ikijibu kwamba watoto wameshaingizwa ndani, kwa sababu nyuki wenye hasira humfuata mtu hadi mlangoni. Nyumba isipojibu, hasogei. Siku hizi anatanguliza mtu mwingine mbele, kisha anafuata nyuma na ndoo zake kama mgeni.

Mimi ni fundi wa redio na simu huku Ng'ambo, Tabora mjini, kwenye mtaa ambao wazee wanasema misafara ya wapagazi ilipita ikielekea Ujiji. Niliolewa mjini mapema, Ipole nikawa naenda kwa misiba na harusi. Nilipoona kaka anakaa siku nzima akitazama ukuta, nilimpelekea mashine ya gemu, zile ndogo za kijivu za kushika mkononi, pamoja na kaseti aliyoniachia mpiga kinanda mmoja wa harusini alipohamia Mwanza. Kaseti ile haina gemu. Ina programu ya kutungia muziki: unapanga sauti mojamoja kwa vitufe, kama mtu anayesuka ukili, na mashine inapiga. Nilidhani ataichezea wiki mbili aiache. Aliichukua akaenda nayo porini, na kuanzia hapo kila akisubiri moshi ukolee chini ya mzinga, vidole vyake vilikuwa kwenye vitufe.

Sasa, kaseti hizo zina udhaifu mmoja. Programu imechongwa humo daima, lakini nyimbo unazotunga zinakaa kwenye kumbukumbu inayolishwa na kibetri cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Kibetri kikikata hata kwa kupepesa jicho, nyimbo zinaweza kwenda, mmoja au zote. Na huwezi kukibadilisha bila kukitoa. Wapo mafundi wanaokibadilisha mashine ikiwa inawaka, kumbukumbu ile ikinyonya umeme kutoka kwenye mashine. Nimeona mkono wa mmoja ukiteleza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wimbo uliopotea ulikuwa wa mbuzi wa jirani, wa kuchekesha tu, kaka hakuusikitikia. Lakini ndani ya kaseti hiyo hiyo kulikuwa na wimbo mwingine. Binti yake alikuwa anaolewa Urambo, na sendofu yake, sherehe ya kumuaga, ilikuwa imekaribia. Kwetu binti haondoki mpaka baba amwambie neno, mbele ya watu na mbele ya wakwe. Ndugu walikuwa wamekaa kikao na kuamua kwamba baba mdogo wa binti atasema kwa niaba ya kaka, jambo lililoonekana la busara kwa kila mtu. Kaka alisoma uamuzi ule kwenye simu, akamjibu kila mmoja wao ujumbe ule ule: "Nitasema mwenyewe."

Wimbo ule ndio lilikuwa neno lake. Ukifutika, angekaa kwenye kiti cha mbele siku ya kumuaga mwanawe akiwa bubu, mwingine akimsemea.

"Kaka, turekodi kwa simu," nilimwambia siku ile ile. "Sasa hivi. Tukishaurekodi, kaseti na ife zake."

Akatikisa kichwa. Akaandika kwenye simu yake, akanigeuzia: "Rekodi haingoji."

"Haingoji nini?"

Alitia mashine mfukoni, akaaga kwa kunigusa bega, akapanda basi la Sikonge na wimbo wake kwenye kile kibetri. Nilibaki nimefura. Ukitaka kujua ukaidi ni nini, mnyime mtu sauti halafu ujaribu kubishana naye.

Nikaanza kutengeneza kifaa cha kuzitoa nyimbo zile nje. Hakuna wa kumuuliza, maana Tabora nzima sidhani kama kuna mwingine mwenye shida hiyo. Nilichomoa tundu la kaseti kutoka kwenye mashine nyingine iliyokufa, lile lenye safu ya meno membamba yanayogusana na kaseti. Nikatafuta kibao kidogo cha saketi cha kuongozea, kama kompyuta ndogo, nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya geti la mteja, geti likasubiri. Nikaongeza tundu la memori kadi. Vyote nikavipanga ndani ya kisanduku cha sabuni, kile cha plastiki chenye mfuniko ambacho wanafunzi wa bweni huenda nacho bafuni.

Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi. Kibao kinaiuliza kaseti: kwenye chumba cha kwanza una nini? Kaseti inajibu. Cha pili? Inajibu. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na kila jibu linaandikwa kwenye memori kadi. Kilichokuwa kikinikosesha raha ni waya mmoja. Kaseti ina waya unaoiambia isome na mwingine unaoiambia iandike, na umeme ukiyumba wakati kaseti imechomekwa, ule wa kuandika unaweza kushtuka ukaandika upuuzi juu ya wimbo. Na huku kwetu umeme una tabia zake. Kwa hiyo niliukata. Niliukata kabisa, nikaacha pengo la kuliunga baadaye, ili kifaa kiwe na macho lakini kisiwe na mikono. Umeme wa ukutani nao sikuutaka, nikakitilia betri za tochi.

Halafu nikajiwekea sharti. Kifaa kisome kaseti yote mara mbili, kilinganishe, na taa ya kijani iwake pale tu majibu ya mara zote mbili yanapofanana. Yakitofautiana hata herufi moja, iwake nyekundu. Sikutaka kuja kujidanganya kwa haraka zangu, maana najijua.

Kaka akarudi wiki ya sendofu yenyewe, mchana, amevaa shati la kutokea. Alikuwa amepunguza mwili. Nikampa shikamoo, akaniitikia kwa kichwa, akatoa kaseti mfukoni kama mtu anayetoa yai. Nikaichomeka kwenye kisanduku, nikabonyeza. Tulisubiri. Taa ikawaka nyekundu.

Nikarudia. Nyekundu. Nikarudia tena, nikaona kwenye kompyuta kwamba kila nikisoma napata kitu kingine, kama shahidi muongo mahakamani. Kaka alikuwa ameacha kunitazama, anatazama taa tu.

Nikaichomoa nikaipeleka mwangani. Kwenye meno ya kaseti kulikuwa na utando wa njano. Niliunusa.

"Kaka. Hii ni nta?"

Akakubali kwa kichwa, bila hata aibu.

Nifafanue. Kwa warina asali nta ni dawa ya kila kitu. Mpini wa shoka umelegea, nta. Ngozi ya ngoma inalia vibaya, nta. Kibuyu kimepata ufa, nta. Alipohisi kuna kitu kinacheza ndani ya kaseti aliifungua, akaona mguu mmoja wa kibetri umeachia risasi iliyouchomelea, akaubana kwa nta, akafunga, akaendelea na maisha. Na hakuniambia, kwa kuwa kwake yeye hilo halikuwa jambo la kusimulia. Mtu hatoi taarifa kwamba amefunga kamba ya kiatu.

Nilikuwa nimelaumu kibetri bure, kumbe ni kizima. Jua la Oktoba lilipopasha moto, nta ililegea, mguu ukapoteza mgusano kwa nukta moja, wimbo wa mbuzi ukaenda. Na nta ile ile ilikuwa imetiririka ikashuka kwenye meno. Ili nisome ilinipasa kuiondoa nta kwenye meno, na nta ya juu, sentimita chache tu kutoka hapo, ndiyo ilikuwa imeshika uhai wa wimbo. Tulikuwa chini ya bati, mchana, na jasho likinidondoka puani.

"Ungekuwa na sauti ningekugombeza," nilimwambia. "Sasa najisikia vibaya kukugombeza, na bado nakugombeza. Nta, kaka? Kwenye saketi?"

Akaandika: "Ilishika."

Na ni kweli ilishika.

Sikuthubutu kuigusa kwa joto lile. Niliifunga kaseti kwenye mfuko wa plastiki, nikaizungushia kitambaa, nikaiegemeza kwenye ubavu wa mtungi wa maji kule uani kwenye kivuli, mahali tunapoweka maziwa yasiharibike. Sote wawili tulikaa karibu na mtungi ule mchana kutwa kama watu wanaolinda mgonjwa. Wateja walikuja, nikawaambia fundi hayupo. Mmoja akasema, "Si wewe huyo?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na sipo.

Asubuhi, kabla bati halijapata moto, nilifanya kazi. Nta ilikuwa imekaza. Nilifungua ganda la kaseti taratibu, nikaliweka kando. Nilisugua meno ya kaseti kwa mswaki laini na spiriti, jino baada ya jino, nikishikilia pumzi, mkono wa kushoto ukiwa umekamata kaseti kwa pembeni ili kisitikisike kitu. Kaka alisimama nyuma yangu. Pumzi yake ya shingoni inasikika, ina mlio kama wa kipupwe kwenye ufa wa dirisha, na nilipokuwa nikifika karibu na kibetri mlio ule ulikoma. Naye alikuwa ameishikilia.

Nikaichomeka. Nikabonyeza. Kisanduku kikasoma mara ya kwanza, kikasoma mara ya pili, kikakaa kimya kikilinganisha. Sijawahi kuichukia taa kama nilivyoichukia ile kwa kukaa bila kuwaka. Ikawaka kijani.

Nilisoma tena upya kuhakikisha, kijani. Nikainakili kwenye kompyuta, nikainakili kwenye simu yangu, nikainakili kwenye simu ya kaka. Halafu nikachomoa kaseti kutoka kwenye kisanduku, na kwa kule kuichomoa tu, miguu yote ya kibetri ikaachia, donge la nta likaanguka mezani na kibetri kimekwama ndani yake. Kaseti ilikuwa tupu. Tulitazamana. Nikaanza kucheka mpaka nikakaa chini, na kaka akacheka pia, kicheko chake kile kisicho na sauti kinachotikisa mabega tu.

Nikachomelea kibetri kipya kwa risasi, kama inavyopasa. Nikaunga ule waya wa kuandika, kisanduku kikapata mikono, nikarudisha nyimbo zote ndani ya kaseti. Nikaitia kwenye mashine, nikafungua wimbo wa binti ili nisikie kazi yangu.

Sauti tatu, fupi, fupi, na ya tatu ndefu inayopanda. Kisha kimya. Sauti tatu zile zile. Kimya. Sauti tatu. Kimya. Nikasubiri wimbo uendelee, haukuendelea. Ulikuwa umenasa, unazunguka pale pale mwanzoni, na katikati kuna shimo.

Kijani ilikuwa na maana kwamba nimenakili sawasawa kilichokuwemo. Haikuwa na maana kwamba kilichokuwemo ni kizima. Kama nta ilikuwa imeula wimbo kabla sijaufikia, basi nilikuwa nimehifadhi maiti kwa uangalifu mkubwa.

Kaka akaninyang'anya mashine. Akavaa spika za masikioni, akanigeuzia mgongo, akasikiliza muda mrefu. Kisha akazivua, akaonyesha dole gumba.

"Haupo sawa," nikamwambia. "Nimesikia mwenyewe. Una shimo, na umenasa."

Akaandika: "Uko sawa."

"Niache nizibe lile shimo. Nachukua kipande cha mbele nanakili pale, watu hawatajua."

Akaandika: "Usiguse."

"Kaka, kutakuwa na wakwe pale. Watu wa Urambo na mashemeji zao. Utasimama na kigemu kinachorudia sauti tatu kama king'ora cha gari lililogongwa. Mimi ni shangazi wa bibi harusi, mimi ndiye nitakayekaa naye, nitatazama wapi?"

Akaniangalia kwa upole ambao ulinikera zaidi. Akaandika polepole, kidole kimoja: "Mdogo wangu, asante. Sasa usiguse."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nimelelewa kumheshimu kaka yangu. Sikugusa. Lakini nakiri kwamba safari nzima ya kwenda Ipole nilikuwa nimenuna kiasi cha kutomsalimia vizuri hata dereva, na kwenye pochi yangu, ndani ya leso, nilikuwa na kile kisanduku cha sabuni, kwa lolote litakalotokea. Nilimpigia baba mdogo pia, kwa siri, nikamwambia ajiandae na maneno mawili matatu.

Sherehe ilikuwa uwanjani kwa kaka, chini ya maturubai. Wakwe walikuwa wamekuja wengi, wamevaa sare ya kijani. Binti aliketi mbele amefunikwa ushungi, nami pembeni yake, nikimfuta jasho kama inavyomlazimu shangazi. Zawadi zikatolewa, mama akasema neno lake, akalia, tukalia. Kisha mshereheshaji akasema, kwa sauti yake ile ya kukokota, kwamba umefika wakati wa neno la baba, na akamtazama baba mdogo.

Kaka akasimama.

Alitembea hadi katikati, kitambaa cheupe shingoni kimepigwa pasi, akatoa mashine, akamwashiria mshereheshaji aisogezee kipaza sauti. Watu wakanyamaza. Akabonyeza.

Fupi, fupi, ndefu inayopanda. Ikatoka kwenye maspika makubwa, ikavuka uwanja, ikaenda mpaka porini. Kimya.

Mtu mmoja akakohoa. Sauti tatu zile zile. Kimya. Nikaona wakwe wawili wanaangaliana. Mshereheshaji akapiga hatua kumwelekea kaka, akidhani mashine imeharibika, na baba mdogo akafunga kifungo cha koti. Nilishika pochi yangu. Nilikuwa nakufa kwa aibu na huruma vikiwa vimechanganyika, sikujua kipi ni kipi. Sauti tatu, kwa mara nyingine. Kimya.

Pembeni yangu ushungi ukatikisika. Binti alikuwa ameinua uso.

"Tupo ndani, baba," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayejibu kutoka jikoni.

Nikaelewa. Nilielewa vyote kwa pamoja, mti wa mwisho, mluzi, nyuki, rekodi isiyongoja, na shimo nililotaka kuliziba kwa akili zangu za kifundi. Kwa miaka yote ile binti huyu ndiye aliyekuwa akiujibu mluzi.

Nilitegemea kaka abonyeze sasa wimbo uendelee, maana bila shaka ulikuwa na mwendelezo, ule aliousikiliza akiwa amenigeuzia mgongo, na kitufe kilikuwa chini ya kidole chake. Hakubonyeza. Mashine ikaita tena, sauti tatu.

"Tupo ndani, baba."

Ikaita tena. Akajibu tena. Hakuna aliyekohoa wala kuangaliana. Kidole cha kaka kilikuwa juu ya kitufe na hakishuki. Baada ya kitufe kile kulikuwa na kuaga, na yeye mwenyewe ndiye aliyeutunga wimbo uwe hivyo, usisogee mpaka yeye aruhusu. Ikaita. Akajibu, safari hii kwa sauti iliyokatika. Ikaita tena.

Binti akainuka. Kwa desturi bibi harusi hainuki pasipo shangazi, lakini sikumshika. Alikwenda kwa baba yake na ushungi umemwangukia mabegani, akasimama mbele yake, akasubiri mashine iite mara moja zaidi. Akamjibu kwa sauti ndogo, karibu na uso wake. Kisha akaweka kidole gumba chake juu ya kidole cha baba yake, wakabonyeza pamoja.